Mama wa Lincoln na Baba Anayetafutwa Virginia

Tarehe 8 Januari 1793, katika Kaunti ya Nelson, Kentucky, mkulima Joseph Hanks aliandikisha wosia. Hakuwa na mengi ya kugawa. Wanawe wa kiume aliwapa farasi, na kila farasi akamtaja kwa jina: Thomas alipewa Major, Joshua akapewa Bonney, William akapewa Gilbert, Charles akapewa Tobe. Joseph mdogo alipewa Bald, pamoja na shamba la ekari 150. Mabinti watatu walipata kila mmoja mtamba wa mwaka mmoja. Elizabeth alipata Gentle, Polly akapata Lady, na Nancy akapata Peidy. Mwezi Mei mwaka huohuo wosia ulithibitishwa mahakamani. Mzee alikwisha fariki.

Mtamba Peidy aliwapoteza njia watu wengi. Mwaka 1899 Caroline Hanks Hitchcock alitangaza kitabuni kwamba Nancy wa wosia huu ndiye mama mzazi wa Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani. Wapenzi wa Lincoln walipumua. Miaka kumi kabla yake, William Herndon, wakili aliyekuwa na ofisi moja na Lincoln mjini Springfield, Illinois, alikuwa amechapisha habari kwamba Nancy Hanks alizaliwa nje ya ndoa. Sasa imepatikana karatasi ya mahakama inayomtaja baba na mama, na urithi wenyewe una pembe na mkia. Aibu ikaonekana imefutika.

Haikufutika, kwa sababu Nancy Hanks walikuwa zaidi ya mmoja. Nancy aliyerithi Peidy alikuwa shangazi kwa baadhi ya ukoo huo na mama mdogo kwa wengine. Mwaka 1799 alimzaa Dennis Hanks, kwa Charles Friend, bila ndoa, kisha akaolewa na Levi Hall. Dennis huyo ndiye aliyekua akicheza na Abraham na baadaye akawa msimulizi mkubwa wa utoto wake. Nancy mwingine, mama wa Lincoln, hayumo kabisa katika wosia ule. Mama yake aliitwa Lucy, binti mwingine wa mzee Joseph, na Lucy naye hayumo.

Huu ndio mtego wa kwanza wa kazi ya nasaba, na unamnasa kila anayeanza. Jina linalofanana si ushahidi. Katika koo ambazo majina hurudi kila kizazi (nasi tunazijua, kwa kuwa mtoto hupewa jina la bibi au babu), kila mwenye jina hufunguliwa ukurasa wake: aliolewa na nani, alizaa nani, alikufa wapi na lini. Kurasa mbili zikigongana, umepata watu wawili. Nancy wa mtamba alizeeka akiitwa Nancy Hall. Nancy wa Lincoln alikufa akiitwa Nancy Lincoln. Kinachochanganya zaidi ni kwamba wote wawili waliishia Indiana, wakauawa na ugonjwa uleule kwa kupishana miaka michache, wakazikwa kilima kimoja.

Turudi kwa Herndon, maana ugomvi wote unaanzia kwake. Anasimulia kwamba mnamo mwaka 1850 walikuwa ndani ya kigari cha farasi mmoja, yeye na Lincoln, wakielekea mahakama ya Kaunti ya Menard kwenye kesi iliyogusa habari za urithi wa tabia. Njiani Lincoln alimwambia kwamba mama yake alikuwa mtoto wa Lucy Hanks na mkulima tajiri wa Virginia, mtu wa familia ya heshima, na kwamba nguvu zake za akili aliamini zimetoka kwa huyo bwana, zikapitia kwa mama. Kisha akamwombea mama yake baraka za Mungu, akasema yote aliyo nayo na yote anayotumaini kuwa anayo kwa ajili yake. Akanyamaza.

Maneno hayo Herndon aliyaandika miaka mingi baadaye: katika barua ya mwaka 1870, kisha katika kitabu cha 1889. Kumbukumbu ya miaka 20 ina matobo, na Herndon alipenda nadharia. Lakini muktadha wa nje unamuunga mkono. Tarehe 20 Desemba 1859, alipoombwa na Jesse Fell aandike maisha yake kwa ajili ya kampeni, Lincoln alisema wazazi wake walizaliwa Virginia katika familia zisizo na sifa, familia za daraja la pili kama alivyosahihisha mwenyewe. Kuhusu mama aliandika kwamba alikuwa wa ukoo wa Hanks, akaongeza Wahanks wengine wanaishi kaunti gani za Illinois, basi. Na John Scripps, aliyemhoji mwaka 1860 kwa ajili ya kitabu cha kampeni, baadaye alikuja kumweleza Herndon kwamba Lincoln alimdokeza mambo ya nasaba yake ambayo hakutaka yachapishwe.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaosema Lincoln aliamini hivyo. Ninachokataa ni kilichofuata. Tangu 1889 swali lililoulizwa ni: huyo bwana wa Virginia alikuwa nani? Majina yamependekezwa, makaburi ya matajiri yamepekuliwa, na kila jina limekosa hati hata moja ya kulishikilia. Wakati huohuo wanawake wenye hati, Lucy na dada zake, wamewekwa pembeni kama aibu ya kuelezewa haraka haraka. Hata mwana mwenyewe, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa mama, alimfanya mfereji tu: akili inatoka kwa bwana asiyejulikana, inapita kwa Nancy, inamfikia yeye. Mwanamke aliyemfunza mtoto huyo kabla hajatimiza miaka kumi hakupewa hata sifa ya kuwa na akili zake mwenyewe. Hilo ndilo kosa kubwa katika mjadala huu, na ni kosa la mbinu kadiri lilivyo kosa la heshima. Huwezi kuanza nasaba kwa mtu asiye na karatasi ukaacha wenye karatasi.

Tuwaanze wenye karatasi.

Joseph Hanks na mkewe Ann walitoka Kaunti ya Richmond, upande wa pwani ya Virginia, na Lucy alizaliwa huko miaka ya 1760. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 familia ilikuwa imehamia milimani, Kaunti ya Hampshire, eneo ambalo leo ni Kaunti ya Mineral katika jimbo la West Virginia. Walikuwa na ekari 108, na mwaka 1784 Joseph akaziweka rehani. Kwa mapokeo yanayokubaliwa na wengi, Nancy alizaliwa hapo Februari mwaka huohuo. Tazama mpangilio: binti amezaa bila mume, shamba limeingia rehani, kisha familia nzima inavuka milima kwenda Kentucky. Aibu ilikuwepo, bila shaka. Lakini rehani huhamisha watu kwa nguvu kuliko aibu.

Kentucky, Lucy anajitokeza kwa namna ambayo mwanamke maskini wa enzi hizo alijitokeza kwenye rekodi: kwa kushtakiwa. Novemba 1789 baraza la washtaki la Kaunti ya Mercer lilimtaja kwa kosa la uasherati. Aprili 1790 Henry Sparrow alisaini hati ya dhamana ya kumwoa, na mwezi uliofuata mashtaka yakaachwa. Ndoa yenyewe ilifungwa Aprili 1791, karibu mwaka mzima baadaye, na mhubiri wa Kibaptisti. Huo mwaka mmoja umewasumbua wasomaji. Wapo wanaosema Lucy alitaka kwanza kujithibitishia kwamba anaweza kuishi kwa heshima kabla hajaingia kwenye nyumba ya mtu. Hiyo ni tafsiri, na ni nzuri, lakini haina hati. Chenye hati ni kwamba ndoa ilidumu, wakazaa watoto wengi, na wana wawili wakawa wahubiri.

Nancy hakukulia kwa mama yake. Alilelewa na ndugu wa mama yake, Elizabeth, yule aliyerithi mtamba Gentle. Elizabeth aliolewa na Thomas Sparrow, ndugu wa Henry, kwa hiyo dada wawili walikuwa wameolewa na ndugu wawili. Ndiyo maana baadhi ya majirani walimjua Nancy kama Nancy Sparrow, na ndiyo maana Dennis Hanks, alipoulizwa na Herndon, alishikilia kwa ukali kwamba jina la Nancy lilikuwa Sparrow. Dennis alikuwa mtoto wa nje ya ndoa mwenyewe, na alikuwa na sababu ya kulinda mlango huo usifunguliwe. John Hanks, binamu mwingine, alimtaja Lucy kuwa mama. Shahidi anayejua sana anaweza pia kuwa ndiye mwenye kuficha sana. Ushahidi wa Dennis kuhusu vyakula, nyumba na kazi ni dhahabu, ila kuhusu nani alimzaa nani usiutegemee peke yake.

Sasa ndoa ya Nancy, kwa kuwa hapo ndipo uvumi ulipozaa uvumi. Thomas Lincoln, fundi seremala na mkulima, alimwoa Nancy tarehe 12 Juni 1806 nyumbani kwa Richard Berry, mahali panapoitwa Beechland, Kaunti ya Washington, Kentucky. Mchungaji alikuwa Jesse Head wa Methodisti. Lakini baada ya Lincoln kuuawa mwaka 1865 waandishi walipoitafuta hati hiyo, waliikosa. Walitafuta Kaunti ya Hardin, kwa sababu Thomas aliishi Elizabethtown. Walichokikuta huko ni ndoa ya Thomas na Sarah Bush Johnston, ya tarehe 2 Desemba 1819, yaani ndoa ya pili. Kwa hiyo mitaani ikasemwa kwamba Thomas na Nancy hawakuwahi kuoana.

Anayejua utaratibu wa wakati ule asingefika huko. Ndoa ya Kentucky ilizaa karatasi tatu. Kwanza, bwana harusi na mdhamini wake walikwenda kwa karani wa kaunti anakoishi bibi harusi, wakasaini dhamana ya pauni 50. Fedha hizo hazikutolewa. Zilidaiwa tu kama baadaye ingegundulika kizuizi cha kisheria. Pili, karani alitoa leseni. Tatu, mchungaji akishafungisha ndoa alirudisha kwa karani orodha ya ndoa alizozifungisha, mara nyingi ndoa kadhaa kwa mkupuo na kwa kuchelewa. Ukitafuta kwenye kaunti ya mume, umeshakosea kabla ya kufungua daftari. Mwaka 1878 karani W. F. Booker aliipata dhamana ya Thomas na Nancy katika Kaunti ya Washington, ina tarehe 10 Juni 1806, siku mbili kabla ya harusi. Orodha ya Jesse Head ya mwaka 1807 nayo ipo. Richard Berry alisaini dhamana kama mlezi wa bibi harusi, akikosea tahajia ya neno la Kiingereza guardian (mlezi) kiasi kwamba lilisomeka kama garden, yaani bustani. Neno hilo moja litaleta fujo yake, tutalifikia.

Uvumi mwingine unamgusa Abraham mwenyewe: kwamba baba yake halisi alikuwa Abraham Enloe wa North Carolina, ambaye inadaiwa Nancy alimtumikia nyumbani, akapata mimba, akasafirishwa kwenda Kentucky. Huko kusini hadithi hii bado ina watetezi. Wazee wetu wangeifunga kwa maneno matatu, kitanda hakizai haramu, lakini hapa hatuhitaji hata huruma ya methali, kalenda inatosha. Sarah, mtoto wa kwanza, alizaliwa Elizabethtown tarehe 10 Februari 1807. Abraham alizaliwa tarehe 12 Februari 1809, miaka miwili na miezi minane baada ya harusi. Watetezi wa Enloe, wakiona hivyo, huirudisha nyuma tarehe ya kuzaliwa kwa Abraham hadi kabla ya ndoa. Hapo anakuwa mkubwa kuliko dada yake. Tarehe 28 Mei 1860, akimjibu Samuel Haycraft wa Elizabethtown, Lincoln aliandika kwamba dada yake alimzidi kwa miaka miwili. Mtu huweza kudanganywa kuhusu babu yake. Kuhusu dada aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, hapana.

Wanaohesabu kwa vidole watakuwa wameona pia kwamba kutoka 12 Juni 1806 hadi 10 Februari 1807 ni siku mbili pungufu ya miezi minane. Wamekwisha liona wengi. Halibadilishi kitu.

Maisha ya ndoa yalikuwa ya kuhama, na kilichowahamisha kilikuwa mipaka ya mashamba. Kentucky ilipimwa kwa miti, mawe na mikondo ya vijito. Kila mlowezi alijipimia, vipande vikapandiana, na miaka baadaye akatokea mtu mwenye hati ya zamani zaidi. Thomas alinunua ekari 238 za Mill Creek mwaka 1803 kwa pauni 118. Alipoliuza mwaka 1814, shamba lilihesabiwa ekari 200 na bei ilikuwa pauni 100. Shamba la Sinking Spring, alikozaliwa Abraham, lilinunuliwa Desemba 1808 kwa dola 200 na likaishia kwenye kesi. Knob Creek, walikohamia 1811 na ambako mtoto wao wa tatu, Thomas, alikufa akiwa mchanga, nako kukaja kesi ya kuwafukuza. Miaka ya baadaye Lincoln aliandika kwamba baba yake aliondoka Kentucky kwa sehemu kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa sababu ya matatizo ya hati za ardhi. Nyumba yao ilikuwa upande wa Wabaptisti waliopinga utumwa, na barabara ya Louisville kwenda Nashville ilipita karibu na mlango wa Knob Creek.

Mauzo ya Mill Creek yametuachia kitu kidogo cha thamani. Mke alikuwa na haki yake ndani ya ardhi ya mume, kwa hiyo bila ridhaa yake mnunuzi asingekuwa salama, na Nancy ilibidi naye atie sahihi. Alitia alama ya msalaba. Wengi wamesoma alama hiyo kama kipimo cha ujinga. Tahadhari: enzi hizo kusoma na kuandika vilifundishwa mbalimbali, kusoma kwanza kwa Biblia, kuandika baadaye na kwa wachache. Mashahidi wa utotoni mwa Abraham wanasema Nancy alijua kusoma. Msalaba unatuambia kuhusu mkono wake tu.

Desemba 1816, mwezi uleule Indiana ilipokuwa jimbo, walivuka mto Ohio wakaingia msituni hadi Little Pigeon Creek. Huko ardhi ilipimwa na serikali kwa miraba, hakuna mti wala jiwe la kubishania. Oktoba 1817 Thomas alikwenda ofisi ya ardhi Vincennes akaandikisha ekari 160 kwa dola mbili kila ekari, na hadi mwisho wa mwaka alikuwa amelipa dola 80, robo ya deni. Makao ya mwanzo yalikuwa banda la magogo lililozibwa pande tatu, upande wa nne ukawekwa moto usiozimwa usiku wala mchana. Upepo ukigeuka, moshi wote huingia ndani. Mwaka 1817 Elizabeth na Thomas Sparrow, wale waliomlea Nancy, walimfuata, pamoja na kijana Dennis.

Mwaka mmoja baadaye walikuwa makaburini. Ugonjwa waliuita ugonjwa wa maziwa, na kwa muda mrefu watu walilaumu umande, maji, hewa ya bonde, madini ya udongo. Chanzo ni gugu la kivulini lenye maua meupe madogo yanayochanua mwishoni mwa kiangazi, linaloota pembezoni mwa msitu. Ng'ombe halipendi. Hulila pale nyasi zinapokauka na malisho hayana uzio, akaingia msituni kutafuta kijani. Ndiyo maana vifo vilifuata ukame, hasa Agosti hadi Oktoba, na viliwapata walowezi wapya ambao hawajafyeka malisho. Ng'ombe asiye na maziwa hutetemeka na kuanguka, kwa hiyo mwenyewe hushtuka. Anayekamuliwa hutoa sehemu ya sumu kwenye maziwa, akaonekana mzima, huku ndama na watoto wa nyumbani wakiimeza. Kuchemsha hakusaidii, na siagi nayo hubeba sumu. Mgonjwa huanza na uchovu wa ajabu na miguu kutetemeka, kisha kutapika kusikokoma, haja kubwa kufunga, pumzi kutoa harufu tamutamu, halafu usingizi mzito. Wengi hawakumaliza wiki mbili.

Septemba 1818 walikufa Thomas na Elizabeth Sparrow. Nancy aliwauguza. Jirani, mke wa Peter Brooner, naye alianguka, na Nancy akaenda kumhudumia. Tarehe 5 Oktoba 1818 Nancy alifariki, ana umri wa miaka 34, Sarah akiwa na miaka 11 na Abraham miaka tisa. Thomas alipasua mbao akatengeneza jeneza, na Dennis alisimulia kwamba Abraham alichonga vigingi vya kulifungia. Hapakuwa na mchungaji siku ya maziko. Ibada ilifanyika baadaye. Jiwe la kudumu liliwekwa mwaka 1879 na Peter Studebaker, tajiri wa kutengeneza magari ya farasi huko South Bend. Miaka 61 ilikuwa imepita, na mwanawe alikwisha kuwa rais na kuuawa.

Inasikitisha kwamba dawa ya kinga ilikuwepo kwa wenyeji. Miaka ya 1830 huko Illinois, mkunga na tabibu Anna Bixby alionyeshwa gugu lile na mwanamke wa kabila la Shawnee, akahimiza majirani walikate. Madaktari hawakulichukua kwa uzito. Sumu yenyewe ilitengwa maabara mwaka 1928.

Tufike kwenye vinasaba, kwa sababu hapa ndipo wengi siku hizi wanapodhani jibu lote lilipo. Baba hupimwa kwa kromosomu ya Y, inayopita kwa wanaume tu. Uzao wa kiume wa Lincoln ulikatika: mjukuu wake pekee wa kiume kwa mwanawe Robert alikufa 1890, Robert akafa 1926, na wa mwisho kabisa wa damu yake alifariki 1985. Upande wa mama hupimwa kwa DNA ya mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wote lakini ni binti pekee anayeipeleka mbele. Nancy alikuwa na binti mmoja, Sarah, aliyekufa akijifungua Januari 1828, na mtoto hakuishi. Kwa hiyo hapana mtu hai wa kupimwa kutoka kwa Nancy. Ilibidi kupanda ngazi hadi kwa wanawake wa ukoo wake, kisha kushuka kupitia mabinti wa mabinti hadi kwa watu wa leo. Kiungo kimoja cha mwanamume kikiingia katikati, mnyororo umekatika na sampuli haina maana.

Matokeo yalichapishwa 2015: kundi la mitokondria liitwalo X1c, nadra sana. Faida ya unadra ni kwamba kulingana kwake si bahati nasibu. Nyuzi zilikutana kwa Ann, mke wa mzee Joseph Hanks. Kuhusu bwana wa Virginia, kipimo hiki hakina neno hata moja, wala hakiwezi kuwa nalo.

Wapo walioichukua herufi hiyo wakakimbia nayo. Kwa miongo mingi imedaiwa kwamba Nancy alikuwa na asili ya Ethiopia, au ya wenyeji asilia wa Amerika, kwa kuwa mashahidi wengine walimtaja kuwa na rangi iliyokoza. Picha yake hakuna hata moja. Mashahidi wanapingana kuhusu urefu, nywele, macho na rangi, na wengi waliulizwa karibu miaka 50 baada ya kifo chake. Kundi X lina matawi Ulaya, Mashariki ya Kati, kaskazini na mashariki mwa Afrika, na tawi moja kwa wenyeji wa Amerika Kaskazini, ambalo si hili la X1c. Matawi hayo yaliachana maelfu ya miaka iliyopita. Tena mstari wa mitokondria ni mmoja tu: ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za wazazi, na kipimo kinamwona mmoja. Natamani, kama Mwafrika yeyote angetamani, hadithi ile ingekuwa na mguu. Haina.

Kilichoanguka kabisa ni nadharia ya Louis Warren. Mwaka 1926 alitetea kwamba Lucy hakuwa binti wa Hanks bali mjane wa Hanks: alizaliwa Shipley, akaolewa na James Hanks, akamzaa Nancy ndani ya ndoa halali, mume akafa. Msingi wake ulikuwa lile neno la mlezi kwenye dhamana ya 1806. Mke wa Richard Berry mkubwa alikuwa Rachel Shipley. Basi, alisema, Nancy aliishi hapo kwa kuwa Rachel ni mama yake mkubwa. Lakini Berry mkubwa alikwisha kufa 1798. Aliyesaini ni mwanawe. Na Nancy alikuwa na miaka 22, hakuhitaji mlezi wa kisheria, alihitaji mwanamume wa kusimama naye kwa karani. Vinasaba vya uzao wa akina Shipley havikulingana.

Ujane wenyewe ulikwisha kukanushwa na Lucy. Kwenye jalada la Mercer, pamoja na dhamana ya Henry Sparrow, kuna kikaratasi cha tarehe 26 Aprili 1790. Mjane hakuwa na haja ya kueleza umri wake kwa karani; msichana ambaye hajawahi kuolewa, na ambaye baba yake hakuja kutoa ruhusa, ndiye alikuwa na haja hiyo. Kashtakiwa miezi mitano iliyopita, binti yake wa miaka sita analelewa kwingine, na anaandika, neno la leseni na neno la siku yoyote yakiwa yameandikwa jinsi masikio yalivyoyasikia: kwamba anathibitisha ametimiza umri, na kwa hiari yake anamkubalia Henry Sparrow achukue leseni leo au siku nyingine yoyote. Chini ametia jina: Lucey Hanks.